Jumanne za Veikko

Mnara wetu hauna kengele wala muadhini.
Ni chuma kitupu, mita thelathini na moja,
katikati ya misonobari iliyopandwa kwa mkono
nje ya Sudbury, upande ulikokuwa ukilala moshi.
Kileleni pana sikio la fedha
linalousikiliza msitu mara kumi kila sekunde:
hewa ipi imeshuka, ipi imepanda,
msitu umekopa nini, umelipa nini.
Miaka ishirini na sita.
Haba, na haba, na kibaba bado.

Mimi sipandi. Magoti yangu ni ya mezani.
Kazi yangu ni kuzisafisha tarakimu
kama achaguaye mchele, chuya huku, mawe kule.
Buibui aliyetanda mbele ya lenzi, toa.
Barafu, toa.
Radi ya Julai, toa.
Na pumzi ya binadamu ndiyo ya kwanza kutolewa,
maana mtu akipanda
kihisi hakijui kuwa ni mtu.
Hudhani msitu mzima umeshusha pumzi.

Mahali pa kilichotolewa tunaandika
hasi tisa tisa tisa tisa.
Maana yake: palikuwa na kitu hapa, tusiulizane.

Veikko Lahtinen alipanda kila Jumanne.
Zamani alikuwa mtu wa tanuru,
alikula salfa miaka kumi na tisa kabla ya kula pensheni,
na majabali haya aliyajua yakiwa meusi,
uchi, bila hata unyasi wa kusitiri aibu.
Kisha wakaja watu na magunia ya chokaa,
wakamwaga kilima kwa kilima,
naye akiwamo, ametapakaa weupe kama mwoka mikate.
"Nimeuunguza mimi," aliniambia
siku moja akifunga mkanda wa kupandia,
"sasa naupima homa."

Alifariki Februari.
Mapafu, alisema daktari,
kana kwamba ni habari.

Machi wakaniagiza niandae jedwali lote
tangu siku ya kwanza, kwa ajili ya ripoti.
Nikafungua faili za awali, zile chafu,
nikamkuta.

Jumanne, saa nne asubuhi. Mstari unaruka
kwenye mrija wa chini, kisha wa kati, kisha wa juu.
Dakika nne.
Jumanne nyingine, dakika nne.
Mwaka wa tisa, sita.
Mwaka wa kumi na tano, tisa,
na kituo kidogo mita ya kumi na mbili:
alipumzika hapo, nadhani,
akijifanya anakagua waya.
Mwaka wa ishirini na nne, dakika kumi na saba,
vituo vitatu,
na miruko midogo midogo, imebanana,
kama mtu asomaye barua kwa mnong'ono.

Na msitu, katika kurasa zizo hizo,
ulikuwa ukivuta ndani zaidi mwaka hata mwaka.
Si kila mwaka. Kiangazi kile cha mioto ya magharibi
jua lilipokuwa jekundu kama jeraha
ulitoa kuliko ulivyopokea, ukakohoa pamoja naye.
Na chini, udongoni, shaba na nikeli zingalipo.
Mizizi inayajua hayo, mnara haujui.

Nilikaa na faili hizo hadi mlinzi akaja kuzima taa.
Nilitaka kuacha Jumanne moja tu.
Moja, nani angegundua?
Ila Veikko mwenyewe angegundua,
yeye aliyeng'oa kiota cha ndege mnarani akilia
kwa sababu kilikinga upepo wa kipimo.

Ripoti imetoka. Ni safi.
Jumanne zote zina tisa nne.

Siku hizi anapanda Mireille Gauthier,
ana miaka ishirini na mitatu, dakika tatu na nusu.
Jana niliuona mstari wake ukiruka kwenye kioo,
chini, kati, juu,
pumzi ndefu za mtu asiyejua kuwa anapumua.
Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe.
Nikasubiri kwanza ashuke.